Nakala Hai

1

Msikilizi wa kata ya Bwawani alianza kukohoa siku ya Jumatatu, na mpaka Alhamisi hakuna aliyethubutu kuita fundi. Watu wa Tabora wana adabu zao. Mzee akikohoa barazani humwambii anyamaze. Unamsubiri amalize, kisha unaendelea na shauri lako. Kwamba mzee mwenyewe alikuwa kasha la chuma lenye kioo na kipaza sauti, lililokaa juu ya meza ya baraza kwa miaka thelathini, hilo halikumpunguzia mtu adabu.

Kidawa Kondo alipofika na mkoba wake wa vifaa, alikisikiliza kile kikohozi kwa muda, akavuta kiti, akakaa.

"Bi Nyanso, hii mashine huwa mnaizima?"

"Saa sita mchana, kila siku," alijibu Bi Nyanso, katibu wa baraza, mama wa Kinyamwezi aliyevaa miwani yenye kamba shingoni. "Tunaiwasha saa tisa. Jioni tunaizima tena mpaka asubuhi."

"Kwa nini?"

"Apumzike. Anasikiliza magomvi ya watu tangu saa mbili, Kidawa. Hata wewe ungechoka."

Kidawa alishika tama. Diski za zamani kama ile zina sahani inayozunguka ndani, na juu yake kuna mkono mwembamba unaosoma bila kugusa. Kuzunguka hakuiumizi diski. Kinachoiumiza ni kuwashwa na kuzimwa, maana sahani inapoanza kuzunguka kutoka kusimama, na ule mkono unapotoka mahali pake, ndipo vitu hukwaruzana. Mara mbili kwa siku, miaka thelathini. Watu wa Bwawani walikuwa wamemwua mzee wao kwa kumpumzisha.

"Mtani," akasema, "babu zenu walibeba mizigo kutoka huku mpaka kwetu pwani, hakuna aliyewaambia wapumzike. Huyu mmoja ndiye mliyemwonea huruma?"

"Na nyie Wazaramo mlikuwa mmekaa kwenye mikeka mnangoja mizigo ifike, mpige ngoma," Bi Nyanso alijibu bila kuinua macho kwenye karatasi zake. "Tengeneza mashine."

Utani huo hauna hasira. Mzaramo na Mnyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara, na mpaka leo mmoja akifiwa, mwenzake ndiye anayeruhusiwa kucheka msibani. Kidawa alikuwa ameolewa huku, kwa hiyo alizungukwa na watani wa kumtosha.

Alifungua kasha. Kazi aliyopewa ilikuwa nyepesi kuieleza: diski ya zamani inakufa, kilichomo ndani kihamishiwe kwenye diski mpya kama kilivyo, ili Msikilizi aamke kesho asijue kwamba amebadilishwa kichwa. Diski mpya ilikuja kutoka wilayani ndani ya bahasha. Ilikuwa ndogo kuliko kiganja, haina kinachozunguka wala kinachotoa sauti, na mafundi walikuwa wameshazoea kuiita diski kimya. Pamoja nayo ilikuja barua. Barua ilisema kwamba atakayeamka humo atakuwa Msikilizi mpya, mwenye sauti ile ile lakini mwerevu zaidi, na kwamba atakapoamka kwa mara ya kwanza ataisoma diski yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila kijumba chake cha kuwekea mambo, ili aijue kata anayoihudumia. Aliyeiandika alionekana kujivunia jambo hilo.

Kidawa alipima nguvu ya diski ya zamani kwa kifaa chake, akapima tena. Jibu halikubadilika.

"Itasomeka mara moja tu," akamwambia Bi Nyanso. "Itafika mwisho ikichechemea. Mara ya pili haipo."

"Basi isome hiyo mara moja, isome vizuri."

"Nitaanza mchana. Kwanza niende nyumbani nikamwangalie mama."

Bi Nyanso akavua miwani. "Amekula?"

Kidawa alifunga mkoba wake, akatoka.

2

Mama Lubinza, mama mkwe wake, alikuwa ameketi kibarazani na kitenge mabegani. Bakuli la uji wa ulezi aliloachiwa asubuhi lilikuwa pale pale, limeganda juu. Kando yake kulikuwa na vipande viwili vya matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, vimeng'atwa kidogo. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake siku hiyo ya nne ya kukataa kula.

"Mama, uji huu nimeupasha."

"Weka hapo."

"Nikulishe?"

Mama Lubinza alimtazama kwa macho makali, yasiyo na ukungu wowote, na hilo ndilo lililomuuma Kidawa kuliko yote. Siku nyingine alimwita kwa jina la mdogo wake aliyekufa Urambo. Siku nyingine aliuliza kama treni ya Kigoma imefika. Lakini ikija habari ya msiba, akili yake ilikuwa timamu.

"Mkono ambao haukuosha sufuria msibani kwa mume wangu," akasema, "hauwezi kunilisha mimi."

Na ilikuwa kweli. Miaka minane iliyopita mzee alifariki, na watu walitoka Urambo, Nzega, hadi Sikonge. Majirani walipika, majirani wakaosha masufuria, na kila aliyefika alikuwa anauliza, mkwe yuko wapi. Mkwe alikuwa Dodoma, kwenye hospitali, ananakili kumbukumbu za benki ya damu. Alifika siku ya tatu, matanga yameshaanuliwa.

"Mama, tulishapatana," Kidawa akasema. Alikuwa ameyasema maneno hayo kila siku kwa wiki tatu.

"Lini?"

"Mwaka uliofuata. Barazani, mbele ya Msikilizi."

"Nilikusamehe mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Nilisema nini?"

Hapo ndipo alipomshika kila siku. Kidawa hakukumbuka. Alikumbuka kwamba yeye alisema kila kitu, hata kile ambacho hakuwahi kumwambia mumewe. Alikumbuka kwamba alilia mpaka akakosa pumzi, na kwamba katikati ya kilio hicho mama mkwe alizungumza, maneno kama kumi hivi, na baada ya hapo moyo wake ukatua. Maneno yenyewe hakuyasikia vizuri hata siku ile. Na sulhu ya baraza ina sharti lake: mkishapatana, mnaweka vidole pamoja kwenye kioo, katibu anasema "yafutwe", Msikilizi anajibu "yamefutwa", mnakunywa maji kikombe kimoja. Tangu saa hiyo, atakayelitaja jambo lile ni mfukuaji. Bwawani heri uitwe mwizi kuliko kuitwa mfukuaji. Ndiyo sababu watu walikuwa wanasema kweli tupu mbele ya lile kasha, mambo ambayo hawakumwambia hata Mungu kwa sauti.

Kwa hiyo Kidawa hakuwa na jinsi ya kueleza. Angeweza tu kusema tulishapatana, tulishapatana, kama mtu anayegonga mlango ambao mwenye nyumba amesahau kwamba alimpa ufunguo.

"Unaona," Mama Lubinza akasema, bila ushindi wowote. "Hujui nilisema nini, kwa sababu sikusema."

Akageuza uso ukutani. Mhudumu wa zahanati alikuwa ameshasema wazi: mwili wa umri ule, kwa mwendo ule, hauna wiki mbili. Lubinza, mumewe Kidawa, alikuwa kwenye mitambo ya jua Manyoni. Alikuja siku mbili, mama akala kutoka mkononi mwake kama mtoto, na aliporudi kazini bakuli likaanza kuganda tena. Jirani aliyekuwa akisaidia alikuwa amesafiri. Mkono uliobaki ndani ya nyumba ulikuwa mmoja tu.

3

Saa tisa Kidawa aliunganisha waya kwenye diski ya zamani, na kabla ya kuanza kunakili akaamua kujaribu vijumba vichache. Fundi mzuri haruki maji asiyoyajua kina. Alichagua vijumba kumi kwa kubahatisha, akaviambia vijieleze.

Tisa vilikuwa kama alivyotarajia. Cha kumi hakikuwa kwenye daftari la mashine kabisa. Kwa daftari, mahali pale palikuwa patupu. Lakini kwenye spika ndogo ya mkoba wake ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, inakwama kwama.

"...siku mbili nilimfungia ndani mama yangu. Wateja walikuwa wanakuja, na yeye anapiga kelele, ananiita kwa jina la baba. Nikaweka kufuli. Siku ya pili alinyamaza, na mimi nikafurahi kwamba amenyamaza. Nilifurahi, ndugu zangu..."

Kidawa aliizima. Sauti ile aliijua. Kila asubuhi aliipa salamu.

Lazima kielezwe hapa kitu ambacho mafundi wote wanakijua na watu wengine hawakijui. Ukiiambia diski ya kuzunguka ifute jambo, haifuti. Inachofanya ni kwenda kwenye daftari lake na kukata mstari unaosema jambo hilo liko wapi. Jambo lenyewe linabaki palepale, halina jina, halina tarehe, mpaka siku jambo lingine litakapowekwa juu yake. Kwenye diski kubwa, yenye nafasi tele, siku hiyo inaweza isifike. Kidawa alilijua hilo tangu alipoanza ufundi. Lakini alikuja barazani miaka saba iliyopita si kama fundi, alikuja kama mkwe mwenye aibu, akasikia "yamefutwa", akaamini kama walivyoamini wote.

Alikaa akiitazama diski inavyogota, tik, tik, halafu kimya, halafu tik. Sulhu za miaka thelathini zilikuwa mle. Na yake ilikuwa mle. Maneno kumi ya Mama Lubinza, kwa sauti yake mwenyewe, yalikuwa yamelala mahali fulani kwenye sahani ile. Angeyapata, angeyapeleka nyumbani, angesema, sikiliza mama, huyu ni nani anayesema?

Kulikuwa na njia mbili za kunakili. Ya kwanza mafundi waliiita nakala hai: unachukua vile tu vilivyomo kwenye daftari, unaacha patupu pakiwa patupu, na diski kimya, ambayo haipendi uchafu, inafagia yenyewe vijumba vyake visivyo na mwenyewe. Ya pili ni nakala nzima: kijumba kwa kijumba, kilicho hai na kilichofutwa, vyote. Mara moja tu ilikuwa imebaki. Ilikuwa lazima achague moja.

Alitoka nje kupata hewa. Mzee Kapera, muuza asali, alikuwa chini ya kibanda chake karibu na geti la baraza, anapanga chupa zake kwa rangi kama kawaida yake.

"Mwangaluka, mtani," akamwambia.

"Mwangaluka, baba. Ingawa ni alasiri."

"Wewe sijakuona asubuhi, asubuhi yako ni sasa." Akacheka, kisha akaacha. "Mbona unaniangalia hivyo?"

"Nimechoka tu, baba."

"Mama anakula?"

"Hali."

Mzee Kapera aligeuza chupa moja mkononi, akairudisha mahali ilipokuwa. "Vumilia, mwanangu," akasema polepole. "Wakiwa hivyo, wanatuchosha mpaka tunajisahau. Wewe usijisahau."

Kidawa aliitikia kwa kichwa, akashindwa kuinua macho yake. Alikuwa amemheshimu mzee huyu miaka yote, na bado alikuwa anamheshimu, lakini sasa alikuwa anamjua, na hakuomba kumjua. Aliona aibu kana kwamba amefungua mlango wa bafu akakuta mtu.

4

Ijumaa asubuhi alimweleza Bi Nyanso yote. Alimweleza polepole, kwa mfano wa daftari na mstari uliokatwa, na aliona jinsi uso wa yule mama ulivyokuwa ukibadilika.

"Kwa hiyo kila niliposema yafutwe..."

"Ilijibu yamefutwa kwa sababu ndivyo ilivyofundishwa kujibu."

"Miaka thelathini, Kidawa. Nimewashika watu vidole nikaviweka kwenye kioo mimi mwenyewe."

"Hukujua, Bi Nyanso."

"Wao watasema nilijua." Alikaa. "Na huyo mpya wa wilaya?"

"Nikifanya nakala nzima, atasoma kila kitu siku ya kwanza. Atakuwa anayajua yote ambayo tuliambiwa yamesahauliwa. Mtu akija na shauri la mpaka wa shamba, Msikilizi atakuwa anajua kwamba mwaka fulani aliungama kitu. Hatakitaja, labda. Lakini atamsikiliza akiwa anakijua."

"Basi nakala hai. Unangoja nini?"

Kidawa aliugusa waya wa diski. Utani wote ulikuwa umemwishia. Mwishowe akasema, "Ya kwangu na mama imo mle."

Bi Nyanso alikuwepo siku ile. Yeye ndiye aliyewapa kikombe.

"Wewe uliyasikia," Kidawa akasema. "Alisema nini?"

"Nimeapa. Na hata nikivunja kiapo, itasaidia nini? Juzi nilipita kumsalimia akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Ataamini neno langu?"

"Sauti yake mwenyewe ataiamini."

"Ndiyo," Bi Nyanso akakubali. "Hiyo ataiamini."

Diski ikagota. Wote wawili wakaiangalia, kama watu wanaomsikiliza mgonjwa chumba cha pili.

"Sikiliza," Bi Nyanso akasema, sauti yake imeshuka. "Mimi ndiye katibu. Chukua nakala nzima uiweke kwako, si kwenye ile ya wilaya. Itafute yako. Zilizobaki uzifute kweli kweli, halafu huyu mpya tumpe kilicho hai tu. Mama wa watu asife na njaa kwa ajili ya sheria. Nani atajua?"

Kidawa alikuwa ameliwaza hilo usiku kucha, na sasa mtu mwingine alikuwa analisema. Lilikuwa linawezekana. Lilikuwa jepesi.

"Vipande havina majina," akasema. "Havina tarehe. Kuvipata vyangu lazima nifungue vya wengine, kimoja kimoja, nisikilize mpaka niijue sauti. Labda elfu moja. Labda elfu tatu."

"Utasikia na utasahau."

"Nimeshasikia kimoja, Bi Nyanso. Jana, kwa bahati mbaya. Nilimkuta mwenyewe nje, nikashindwa kumtazama."

"Nani?"

"Sikuambii."

Bi Nyanso alikunja midomo. Pengine ndipo alipokumbuka ya kwake, maana aliweka mkono kifuani, juu ya kamba ya miwani, akauacha hapo. "Na mimi yangu yamo," akasema. "Ya mwaka ule wa ukame. Ungeyakuta."

"Ningeyakuta."

"Ningependa usiyakute."

Nje Mzee Kapera alikuwa anabishana na mteja kuhusu asali ya msimu uliopita, anacheka. Kidawa alifikiria bakuli lililoganda. Akafikiria Dodoma, miaka minane iliyopita, alivyokaa mbele ya mashine nyingine akijiambia kwamba haiwezi kuachwa, na mwenzake anamwambia, nenda dada, mimi nitaiangalia, nenda ukazike. Alikuwa ameng'ang'ania mashine. Sasa tena alikuwa anaitazama mashine akitaka imwokoe isimpase kwenda nyumbani kusema jambo kwa mdomo wake.

"Nimemwambia tulishapatana mara ngapi," akasema, zaidi kwa nafsi yake. "Kila siku namdai msamaha alioutoa. Yeye hana habari nao."

"Unajua," Bi Nyanso akasema, "sulhu hukaa kati ya watu wawili. Mmoja akitoka ndani yake, hata kama hakutaka kutoka, hata kama ni ugonjwa umemtoa, huyo mwingine amebaki ndani peke yake. Na sulhu ya mtu mmoja sijawahi kuiona. Kama katibu nakwambia, imeshavunjika. Ukilitaja jambo lile, si kufukua."

"Ni nini?"

"Ni kuanza. Una kosa na mtu hajakusamehe. Fanya kama wanavyofanya watu."

Kidawa alicheka kidogo, machozi yakamtoka papo hapo, akayafuta kwa kiganja. Kisha akavuta kibodi. Aliandika amri ya nakala hai, akaisoma mara mbili kama fundi anavyopaswa, na kabla ya kubonyeza alihesabu moyoni maneno kumi asiyoyajua, kana kwamba anayaaga. Aliogopa sana. Kama mama angekataa leo, na kesho, na keshokutwa, hapangekuwa na kitu chochote duniani cha kumwonyesha.

Akabonyeza.

5

Ilichukua saa sita. Mara mbili diski ilisimama kabisa, na Kidawa alikaa ameweka kiganja juu yake, akiipuliza hewa ya baridi, akiibembeleza kwa maneno ambayo fundi hapaswi kusikika akiyasema. Mara zote mbili ikaendelea. Saa tisa na robo diski kimya ilikuwa imepokea kila jambo lililo hai la kata ya Bwawani: mipaka ya mashamba, zamu za visima, mahari zilizokubaliwa, magomvi yaliyokuwa bado yanaendelea. Msikilizi aliwashwa. Alisalimia kwa sauti ile ile, ila bila kikohozi, na watu waliokuwa barazani wakapumua.

Bi Nyanso hakukubali jambo liishie chumbani. Aliwaita watu nje, akawaambia ukweli bila kuuzungusha: kwamba walidanganyana miaka thelathini bila kujua, kwamba yaliyofutwa hayakufutika, kwamba, ila kipande kimoja kilichosikika kwa bahati mbaya, hakuna aliyeyasoma, na kwamba sasa yatakwenda kweli. Manung'uniko yalipita. Mzee mmoja aliuliza kwa hasira watajuaje kwamba hayakusomwa. Kidawa akasema hawawezi kujua. Wanaweza tu kumwamini au kutomwamini. Hakuna aliyelipenda jibu hilo, lakini halikuwepo jingine.

Kisha akaiweka diski ya zamani juu ya gogo, akatoboa kwa keekee, tundu moja, la pili, la saba. Chenga za chuma zikaruka. Mzee Kapera alikuwa mstari wa mbele, mikono nyuma. Tundu la mwisho lilipotoka upande wa pili, aligeuka akaenda zake kwenye kibanda bila kusema neno, na Kidawa akamwona akishika nguzo ya kibanda kwa mikono yote miwili, amesimama hivyo kwa muda.

6

Jua lilikuwa bado liko juu alipofika nyumbani. Alipika uji mpya, mwepesi, wenye karanga. Akauweka chini kibarazani, mbali kidogo, akapiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Mkono ambao haukuosha sufuria..." Mama Lubinza akaanza.

"Sikuja, mama," Kidawa akasema. "Ni kweli. Sikuja kumzika baba."

Wiki tatu Mama Lubinza alikuwa akilirusha neno hilo kama mpira, na kila siku ulikuwa unarudishwa. Leo mtu ameudaka.

"Ulikuwa wapi?"

"Dodoma, kazini. Nilisema mashine haiwezi kuachwa. Nilidanganya. Kulikuwa na mwenzangu, alinisihi niende."

"Basi kwa nini hukuja?"

"Kwa sababu mimi ni Mzaramo, mama. Nilijua nikifika tu watanivalisha koti la baba. Watasema haya, mtani, tuonyeshe mzee alivyokuwa. Nami nilipaswa nimwigize, watu wacheke. Ndiyo kazi ya mtani. Na mimi yule mzee nilimpenda. Baba yangu mzazi hakunipenda kama alivyonipenda yeye. Nisingeweza kumcheka siku ile. Nikajificha. Nikawaacha majirani waoshe sufuria zako. Nisamehe."

Inzi alitua ukingoni mwa bakuli akaruka. Kidawa hakujua kama maneno yameingia au yamepita kama upepo, na magoti yalikuwa yanamuuma juu ya saruji.

"Wangekuigizisha nini?" mama akauliza ghafla.

"Nini, mama?"

"Hao watani. Wangetaka uwaonyeshe nini?"

"Alivyokuwa anatembea, labda."

"Alitembeaje?"

Kidawa alimwangalia, akaona kwamba anauliza kweli. Akainuka. Akaweka mikono nyuma, akatoa tumbo mbele, akaegemea upande wa nyonga iliyokuwa mbovu kwa mzee, akavuka kibaraza hatua nne, na kila hatua mguu wa kushoto ukichelewa kidogo kufika kama mtu aliyesahau kitu njiani. Mlangoni akasimama, akasafisha koo mara tatu, kwa mamlaka, kabla ya kuingia nyumbani kwake mwenyewe.

Mama Lubinza alicheka. Alianza kwa mabega, kisha kifua, kisha akacheka mpaka akashika ubavu na machozi yakamtoka. "Mara tatu," akasema. "Mara tatu, mjinga yule, kama vile kuna mgeni." Akaendelea kucheka, kisha ikawa kilio, kisha vyote viwili, na Kidawa alikuwa amekaa chini ameshika miguu ya mama, naye analia na kucheka.

Kama mara ya kwanza, barazani, ilikuwa hivi, Kidawa hakujua, wala hakuwa na njia ya kujua tena.

"Lete huo uji," mama akasema. "Umepoa?"

Alikula bakuli zima. Akaomba nusu nyingine.

Asubuhi Kidawa aliamka mapema, akakoroga ulezi, akatoka nao kibarazani. Mama Lubinza alikuwa ameshaketi, kitenge mabegani. Aliangalia bakuli, akaangalia mkono ulioshika bakuli, na macho yake yalikuwa makali, hayana ukungu.

"Wewe," akasema, "hukuja kumzika mume wangu."

Kidawa aliweka uji chini, mbali kidogo, akapiga magoti.

"Sikuja, mama," akasema.